Rangi ya Ukuta na Utamaduni wa Nyumba

Wako wenzetu wanaodai kwamba mkazi wa Msasani, mjini Tukuyu, apakaye sebule yake rangi iliyo kati ya samawati na kijani ameutupa utamaduni wake. Wako na wengine waionao rangi hiyo kuwa ndiyo maendeleo yenyewe. Kwa maoni yetu pande zote mbili zimekosea, maana zote huitazama rangi na kuusahau ukuta.

Tuanze na hao wa kwanza. Sanaa ya kupamba kuta haikuletwa Rungwe na maduka ya vifaa vya ujenzi. Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti aliyefika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, alizisifu nyumba za Wanyakyusa kwa unadhifu wake. Zilijengwa kwa mianzi na udongo, na kuta zake zilipambwa kwa udongo wa rangi. Naye Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, hakutaka taifa lijifungie lisijifunze kwa wengine.

Wala rangi yenyewe si ngeni machoni pa watu wa huko. Apandaye hadi ukingo wa Ziwa Ngosi, katika milima ya Poroto, huiona majini chini yake. Kinachopungua ni jina tu. Waingereza wameiita kwa jina la bata mmoja wa majini. Kiswahili nacho kina desturi hiyo hiyo: kijivu kimetokana na majivu, zambarau na tunda, manjano na kiungo cha mchuzi. Ni nani basi atakayetuzuia kusema "rangi ya Ngosi"?

Hata hivyo, hao wa pili nao hawana budi kujibiwa. Tukuyu hupata mvua izidiyo milimita 2,000 kwa mwaka. Ukuta wa udongo au wa matofali ya kuchoma hunyonya unyevu, na lazima upate njia ya kuutoa. Lipu ya udongo na chokaa huuachia; rangi ya mafuta huuzuia. Ndipo rangi ifanyapo malengelenge na kubanduka, na ukungu ukaota nyuma ya kabati. Tena rangi iliyokoza humeza mwanga. Siku za mawingu, chumba chenye dirisha dogo kilichopakwa hivyo pande zote nne hufanana na pango, na mtoto hushindwa kusoma humo saa kumi jioni.

Dawa yake haiko mbali. Ukuta na ukauke kwanza, na paa lichomoze vya kutosha kuukinga na mvua. Itumike rangi ya maji badala ya ile ya mafuta. Kisha tufuate busara iliyozoeleka katika shule na zahanati zetu: rangi nzito chini, panapoguswa na mikono na migongo ya viti, na nyeupe juu ili mwanga urudi chumbani.

Mjenzi wa nyumba ya mianzi aliujua udongo wake kabla ya kuupamba. Apakaye rangi ya kopo leo bila kuuliza ukuta wake unataka nini ameiacha elimu hiyo, hata kama rangi aliyoichagua ingekuwa ya mababu.