Askofu Baraga na Sarufi ya Kiojibwe

Maisha ya Askofu Frederic Baraga yamesimuliwa mara nyingi, na ni nadra msimulizi kuacha kuanza na viatu vya theluji. Husomwa humo jinsi padri huyo Mslovenia, aliyezaliwa mwaka 1797 na kusomea sheria Vienna kabla ya kupewa upadri mwaka 1823, alivyokwenda kwa miguu wakati wa baridi kandokando ya Ziwa Superior, Marekani. Habari hizo ni za kweli. Kosa lake ni kwamba humgeuza mwanachuoni kuwa msafiri tu, na sarufi yake hutajwa kama ushahidi mwingine wa uchaji, bila kufunguliwa.

Na ifunguliwe basi. Baraga alianza kazi mwaka 1831 miongoni mwa Waottawa wa Arbre Croche, Michigan. Mwaka uliofuata kitabu chake cha sala katika lugha yao kilikuwa kimekwisha kupigwa chapa. Toka mwaka 1835 aliishi na Waojibwe, ambao lugha yao ni jirani sana na hiyo. Sarufi ya Kiojibwe ilitoka Detroit mwaka 1850, mwaka ule ule ambao sarufi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka Tübingen. Wote wawili walikabiliwa na tatizo moja: lugha isiyokubali kuingia katika vyumba vya Kilatini.

Ubora wa Baraga ni kwamba aliiacha lugha imfundishe. Alieleza kuwa majina hugawanyika baina ya yenye uhai na yasiyo na uhai, na kwamba jiwe na kiko cha tumbaku vimo katika kundi la kwanza. Mswahili hatashangaa sana, maana husema “kiboko amelala”, si “kimelala”. Ila kwake uhai halisi ndio unaoshinda umbo la jina, hali katika Kiojibwe sarufi yaweza kukipa uhai hata kisichopumua. Lililo kubwa zaidi ni lile aliloliita nafsi ya tatu ya pili. Asemapo mtu, “Juma alimwambia Ali kuwa amechelewa,” Kiswahili hakielezi ni nani aliyechelewa. Kiojibwe hukieleza katika kitenzi chenyewe. Kuliona jambo hilo bila mwongozo wowote wa Kilatini kulihitaji sikio la subira.

Sikio hilo, hata hivyo, halikusikia yote. Urefu wa irabu, ambao hutofautisha maana, hakuuandika kwa utaratibu: aliandika *manito* kwa neno ambalo leo huandikwa *manidoo*. Kwa padri wa mwaka 1853, mwaka kamusi yake ilipotoka na yeye mwenyewe kuwekwa wakfu kuwa askofu, upungufu huo ulikuwa mdogo, kwani wasemaji walimzunguka kila upande, hata akawaandikia barua ya kichungaji kwa lugha yao. Baadaye watoto wa Kiojibwe walipelekwa shule za bweni na kuadhibiwa kwa kuisema. Kamusi hiyo ilipochapwa tena mwaka 1992, miongoni mwa walioihitaji walikuwa wajukuu wa watu wale, si wamisionari ambao sarufi ya 1850 ilitungwa kwa ajili yao. Mjukuu asiye na mzee wa kumsikiliza hawezi kujua, kwa kuitazama tahajia ya Baraga, irabu ipi ivutwe. Humlazimu kuiweka kando ya kamusi ya Nichols na Nyholm ya mwaka 1995 na kusahihisha neno kwa neno.