Kusoma Utenzi wa Mwana Kupona katika Mwaka wa Kwanza

Mwanafunzi aingiapo chuo kikuu kusoma fasihi ya Kiswahili aghalabu huja na ujuzi mmoja, nao ni kuhesabu. Ajua kwamba ubeti wa utenzi una vipande vinne, kwamba kila kipande kina mizani 8, kwamba vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na kwamba kina cha kipande cha nne huendelea toka mwanzo wa utenzi hata mwisho wake. Elimu hiyo si ya kudharauliwa. Marehemu Kaluta Amri Abedi, alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliihifadhi kwa manufaa ya wengi. Walakini kitabu hicho, kama jina lake lisemavyo, kilimkusudia mtungaji. Kumpa msomaji sheria za mtungaji na kumwacha hapo ni sawa na kumpimia mgeni upana wa mlango pasipo kumkaribisha ndani.

Tutazame utenzi mmoja ambao wanafunzi wengi hukutana nao mapema. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mwanafunzi huelezwa hayo, huhesabishwa mizani, kisha hupewa hukumu: huu ni wosia wa mama amfundishaye bintiye dini, adabu na utii kwa mume. Mwalimu mwingine atampa hukumu nyingine: utenzi huu wamdunisha mwanamke. Hukumu hizi mbili zapingana, lakini darasani zina tabia moja, yaani zote humfikia mwanafunzi zikiwa tayari zimekwisha pikwa. Aandikaye ya kwanza katika mtihani na aandikaye ya pili waweza wote kufaulu bila ya kuusoma ubeti mmoja kwa akili zao wenyewe.

Lakini utenzi wenyewe haukubali kufungwa upesi namna hiyo. Mahali pamoja mama amwagiza binti amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Je, hayo ni maneno ya mtii, au ya mtu ajuaye kwamba yeye ndiye mwerevu wa nyumba? Tena, asemaye ni mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa ameshindana na utawala wa Zanzibar, naye alikwisha kufa utenzi ulipotungwa. Basi wosia wa utii watoka katika nyumba isiyozoea kutii. Mwanafunzi aliyekabidhiwa hukumu hupita mahali hapo bila kusimama, maana hana swali la kumsimamisha.

Twaona kwamba dawa yake si ngumu. Kabla ya mhadhara, mwanafunzi apewe beti chache na robo saa, aandike kwa maneno yake ni neno gani limemshangaza, na ni lipi hakulielewa. Karatasi hiyo isitiwe alama, kwa kuwa aogopaye alama huandika lile adhanilo kuwa mwalimu alitaka. Baada ya mhadhara arudishiwe karatasi ile ile, aongeze chini yake ni wapi amebadili mawazo na kwa sababu gani. Mwana Kupona mwenyewe alianza somo lake kwa kumwagiza binti atwae wino na karatasi. Binti yule aliandika aliyoyasema mama. Wetu yampasa kuandika na lile alionalo yeye.

Hata mizani itapata kazi yake ya haki. Mwanafunzi aondoe neno la mtoto katika mfano ule, atie neno jingine lenye mizani 3, kama amiri. Hesabu itabaki vile vile, lakini dhihaka, au huruma, itakuwa imetoweka. Hapo ndipo atakapotambua kwamba mshairi huchagua neno kwa maana yake, si kwa kujaza kipande tu.

Wapo watakaosema kwamba mwanzo ni wakati wa maarifa, na fikira zingoje miaka ya mbele. Twakubali kwamba asiyejua habari za Siyu hawezi kuuliza swali la mjane. Lakini habari hizo hukaa akilini pale zinapojibu swali lililokwisha kuulizwa. Wengine watataja wingi wa wanafunzi. Neno hili ni zito zaidi, kwani hapana mwalimu awezaye kusoma karatasi mia tatu kila juma. Hata hivyo aweza kusoma ishirini, akazijibu mbele ya wote, na zilizobaki wanafunzi wakabadilishana wawili wawili. Jambo lililo kubwa ni kwamba kila mmoja ameandika kabla ya kuambiwa.

Wengi wa wanafunzi hawa watakuwa walimu wa shule za sekondari. Aliyepokea hukumu iliyo tayari ataitoa vile vile kwa watoto, nao wataileta chuoni pamoja na hesabu zao za mizani. Mduara huo hauna budi kukatwa mahali fulani, na mwaka wa kwanza ndio mahali pafaapo, kabla mazoea hayajawa tabia.