Zahanati ya Kale: nani alilipia chokaa?

Anayepita barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, huiona Zahanati ya Kale kwa roshani zake za mbao, zimechongwa utadhani lesi. Nakshi hizo zimesifiwa vya kutosha. Mimi nataka kufuata fedha za matengenezo.

Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyesimamia forodha ya Sultan Barghash, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala. Alikusudia hospitali ya maskini. Akafariki mwaka 1891 jengo halijaisha, na mwaka 1900 mjane wake akaliuza kwa wasimamizi wa mirathi ya Haji Nasser Nur Mohamed, mfanyabiashara mwingine wa Kihindi.

Hapo ndipo palipofanyika la maana. Chini ikawekwa zahanati ya hisani, ghorofa za juu zikagawanywa kuwa nyumba za kupangisha. Kwa maoni yangu, mgawanyo huo uliifaa nyumba kuliko nakshi zote: mgonjwa maskini hawezi kulipia paa, mpangaji anaweza.

Na paa ndilo roho ya nyumba za namna hii. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Lipu ikitunzwa, hakuna shida. Paa likivuja, maji huingia ukutani na kukaa pale ncha za boriti zilipozikwa; mti huoza humo ndani, hakuna anayeuona, mpaka sakafu ianze kulegea. Ukiziba nyufa kwa saruji umezidisha balaa, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo likaingia mikononi mwa serikali, likachakaa. Mwaka 1990 likakodishwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni (Aga Khan ndiye imamu wa madhehebu ya Tharia mwenyewe), nao ukalikarabati kwa chokaa na mafundi wa hapo hapo, kazi iliyokamilika katikati ya miaka ya 1990.

Basi wewe mwenye nyumba ya mawe kama hii unayetafuta mpangaji wa duka la vinyago, kabla ya kutia saini andika ndani ya mkataba nani atalipia paa na chokaa, na baada ya miaka mingapi.