Ukurasa na Jedwali: Uhakiki wa Kazi za Ernesto Priego kuhusu Katuni na Data Huria

Kazi za Ernesto Priego, mwanataaluma aliyefundisha ukutubi katika City, University of London, zinaunganisha nyanja ambazo kwa kawaida hutafitiwa mbalimbali. Tasnifu yake ya uzamivu, iliyowasilishwa University College London, inachunguza kitabu cha katuni katika enzi ya unakili wa kidijitali. Humo umbo la kitabu, yaani karatasi, ukubwa wa ukurasa na mpangilio wa fremu, linachukuliwa kuwa sehemu ya maana ya hadithi yenyewe.

Hata hivyo, Priego, ambaye pia ni mhariri mwanzilishi wa jarida huria la The Comics Grid, ametetea data huria na kuweka seti za data za utafiti katika hazina ya figshare. Hapo ndipo penye mvutano. Mkutubi anaporekodi mwandishi, mchoraji, mchapishaji na mwaka, hurahisisha utafutaji na ulinganishi, lakini umbo lile hubaki kabatini. Aidha, maandishi ya mhakiki hutolewa kwa leseni ya Creative Commons, ilhali fremu anazozichambua hubaki chini ya hakimiliki ya wenyewe. Uhuru wa makala, basi, hukomea kwenye picha.

Mvutano huu haubatilishi kazi hizo, bali unadhihirisha mipaka ya hoja ya uhuria. Jedwali la data humwelekeza mtafiti katuni iliko. Kazi ya kuisoma ingali inamhitaji afike maktabani na kufungua ukurasa.