Nafsi Isiyotajwa: Uchungu katika Majina ya Nyimbo za Kalamashaka

Kundi la Kalamashaka la mtaa wa Dandora, Nairobi, aghalabu hutajwa kwa wimbo mmoja tu, "Tafsiri Hii", uliovuma mwishoni mwa miaka ya 1990. Wahakiki nao huishia kwenye maudhui: ufukara na ukosefu wa kazi. Maudhui hayo ni ya kweli, lakini twayapata hata magazetini. Swali letu ni hili: uchungu wenyewe umekaa wapi katika lugha?

Tuanze na jina la kundi. Katika mazungumzo, "akala" hufupishwa kuwa "kala". Kiambishi -ka- huendeleza tukio baada ya jingine lililokwisha kutajwa. Hapa hakuna lililotangulia. Msikilizaji ameingia katikati ya hadithi, na aliyekula mashaka hatajwi. Tena kitenzi ni kula, kama tusemavyo kula hasara: shida haikupita kando yake, bali imeingia tumboni.

Uficho huo waendelea katika nyimbo ambazo hazizungumzwi sana. "Ni Wakati", wimbo wenye jina la albamu yao ya 2001, ni sentensi iliyokatwa. Wakati wa nini? Wengi wamelisoma jina hili kuwa tangazo la mapambano. Sisi twasikia humo pia subira iliyochoka, kwa maana mtu aliyeulizwa mara nyingi anataka nini, mwishowe huacha kufafanua.

Katika mkusanyo wa 2004, ambamo wasanii wa Kalamashaka walishirikiana na wenzao wengi wa Eastlands, umo "Angalia Saa". Mambo mawili yafaa kuzingatiwa. Kwanza, amri ni ya umoja: "angalia", wala si "angalieni". Mwanasiasa huita umma. Sauti hii yamwita mtu mmoja, kama amwitavyo jirani mlangoni. Pili, wakati umegeuka kuwa saa. Wakati waweza kungojewa maisha yote, ilhali saa huhesabika, na anayeihesabu hujua amepoteza ngapi.

Mkusanyo wenyewe waitwa "Kilio cha Haki". Kihusishi hicho kidogo, "cha", chabeba maana zaidi ya moja. Huenda ni kilio cha kuidai haki. Huenda haki yenyewe ndiyo iliayo. Lakini kilio ni msiba pia. Kwa maana hii ya tatu, haki imekwisha kufa, nasi tumeitwa matangani. Wanaolisoma jina hili kama dai tu hawajaketi na wafiwa.

Yawezekana kupinga kwamba jina la wimbo si wimbo. Ni kweli, mapigo na sauti vyadai uchunguzi wake. Hata hivyo, jina ndilo neno ambalo msanii amekubali libaki peke yake, bila ngoma ya kulisaidia.

Wapo pia wenzetu wanaozikataa nyimbo hizi kwa sababu ya Sheng. Mifano yote tuliyoitaja hapa yasimama juu ya sarufi ya Kiswahili, na uchungu wake hauonekani ila kwa anayeijua sarufi hiyo. Tukiendelea kuzifundisha kama ushahidi wa umaskini tu, tutakuwa tumewaambia vijana wa Dandora kwamba wao wana habari, hawana sanaa. Idara za lugha ndizo zinazopaswa kulikanusha hilo.