BGP Haijui Arusha Iko Wapi

Kuiunganisha kompyuta ya Endagikot, Mbulu, na dn42 si kazi kubwa. Kazi ni kuizuia isipeleke pakiti Ulaya bila sababu.

dn42 ni mtandao wa wapenzi wa teknolojia unaotumia itifaki zilezile za intaneti, ila kwa anwani za faragha. Mshiriki hujiandikisha, hupata namba ya mtandao inayoanza na 424242 na kipande cha anwani, kwa kawaida ndani ya 172.20.0.0/14, kisha hutafuta majirani, yaani washiriki wa kuungana nao.

Kati ya majirani hupitishwa handaki la WireGuard juu ya intaneti ya kawaida. Kampuni za simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, hivyo jirani hawezi kukubishia hodi. Upande wa Endagikot ndio uanze, na uwekewe PersistentKeepalive = 25, yaani kila sekunde 25 itoke pakiti tupu ili njia ya kurudi isifungwe.

Juu ya handaki hukaa BIRD, programu ya kuelekeza njia iliyoanzia Chuo Kikuu cha Charles, Prague, na leo hutunzwa na CZ.NIC. Toleo la 2 halibadilishani njia na jirani wa nje mpaka uandike waziwazi unapokea nini na unatoa nini. Ukali huo una maana. Februari 2008 Pakistan Telecom, ikitaka kuifunga YouTube nchini mwake, ilitangaza njia iliyovuja nje, na YouTube ikapotea sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa mbili. Basi toa anwani zako tu, na kila unachopokea kilinganishwe na orodha ya ROA, inayoonyesha mtandao upi unaruhusiwa kutangaza anwani zipi, inayotokana na daftari la dn42.

Wengi huishia hapo. Lakini BGP, itifaki ambayo BIRD hutumia kubadilishana njia na majirani, huhesabu mitandao inayopitwa, si kilomita wala milisekunde. Tuseme una majirani wawili, Nairobi na Frankfurt, na unamtafuta mtu wa Arusha. Kama yeye kaungana na Frankfurt moja kwa moja, huku Nairobi ikimfikia kupitia mtandao mwingine, BGP itachagua Frankfurt, na pakiti itavuka bahari kwenda na kurudi. Dawa ni bgp_local_pref, alama ya upendeleo unayoipa njia, inayotazamwa kabla ya urefu wa njia: njia za Afrika Mashariki zitokazo Nairobi zipe 200 badala ya 100 ya kawaida. Za Ulaya usiziguse.

Ni ugonjwa wa zamani. Kabla ya KIXP, kituo cha watoa huduma kubadilishana data kilichozinduliwa Nairobi mwaka 2000, kikafungwa na mamlaka na kurudi 2002, barua pepe za watoa huduma wawili wa jiji hilohilo zilizungukia ng'ambo kwa setilaiti.

Handaki lenyewe nalo hufuata njia za kampuni ya simu. Isipobadilishana data kwenye vituo kama hicho, TIX ya Dar es Salaam au AIXP ya Arusha, hata jirani wa karibu anaweza kufikiwa kwa mzunguko. Piga ping ndani ya handaki kwanza, ndipo uandike hiyo 200.