Fundi wa Ukoka

Majani ya kapeti niliyonunua yaliletwa na kirikuu, yamekunjwa kama mikeka. Nilikuwa nimehamia Mapinga, njia ya Bagamoyo, nikautamani uwanja wa kijani kama wa hotelini. Muuzaji alinisisitizia nimwagilie asubuhi na jioni. Nikamwagilia. Lakini maji ya kisima changu yana chumvi, na mchanga wa pwani haushiki maji; ukimwaga ndoo, hugeuki ukakuta unyevu. Ilipofika Januari, kaskazi ikivuma na jua la utosi, mikeka yangu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Jirani akaniletea mzee mmoja wa Bagamoyo mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kivuli cha mwembe huu kinafika wapi saa tisa?"

Miaka miwili nimekaa pale, sikuwa na jibu. Akaonja maji ya kisima, akatema. "Maji ya mnazi haya, mwanangu. Subiri masika."

Masika ilipoanza, akarudi na gunia la ukoka aliouchimba kando ya njia, ukoka ule ule niliomlipa kibarua aung'oe. Alikata vipande vya pingili tatu tatu: mbili akazifukia, moja akaiacha nje, shubiri moja kutoka kipande hadi kipande, kisha akashindilia kwa kisigino. Maji akaiachia mvua. Kuna kichekesho hapa: nyasi hizo tunazozidharau, wataalamu huziita Cynodon dactylon, na Marekani hupandwa kwenye viwanja vya gofu kwa jina la Bermuda, ingawa Bermuda si kwao.

Chini ya mwembe hakupanda kitu. "Hapa ni pa kufagia," alisema, na hapo ndipo nilipouona ufundi wenyewe. Fagio la chelewa analishika kwa chini, mgongo umeinama kidogo, anarudi nyuma ili asikanyage alipokwisha kupita. Kila mfagio huacha upinde mchangani, na upinde unaofuata huanzia pale ule wa kwanza ulipoishia. Nyoka akipita usiku, asubuhi njia yake inasomeka. Majani yaliyokusanywa hayachomwi: yanakwenda shimoni pamoja na samadi ya mbuzi. Makumbi ya nazi huyafukia kuzunguka miche, yanywe mvua na kuitoa taratibu. Huko kusini mwa Marekani nako, familia nyingi za watu weusi zilifagia viwanja vyao vya udongo hivi hivi, kabla majani ya kukatwa kwa mashine hayajawa alama ya heshima.

Ua ni la minyaa. Haihitaji maji, mbuzi haigusi, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa. Kwa hiyo kabla ya kuinua panga, mzee hurusha vumbi kidogo hewani, kisha husimama upande upepo unakotoka.

Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868 nao walipanda miembe kwenye njia yao. Nenda leo saa saba mchana utembee chini yake, ndipo utajua kwa nini mzee aliuliza kivuli kabla ya kuuliza majani.

Kiangazi cha kwanza ukoka wangu ulikauka. Nikampigia simu mbio mbio.

"Umelala tu huo," akasema, akakata.

Mvua za vuli zilipoanza, haikupita wiki ukawa umeamka. Sijaumwagilia hata ndoo moja tangu siku hiyo.

Watu kama huyu wamejaa pwani yote hii, kuanzia Bunju mpaka Kaole, na tunawaita shamba boi, hata wenye mvi. Ukimpata mmoja, mwamkie, mwite fundi, na umlipe ujira wa fundi.